Trypanosoma brucei

Trypanosoma brucei ni spishi ya vimelea vyenye seli moja ambavyo husababisha ugonjwa wa malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe na mifugo mingine katika Afrika kusini kwa Sahara. Vimelea hivi huenezwa na mbung'o (huitwa pia ndorobo), yaani nzi wafyonzao damu wa jenasi Glossina.

Tofauti na vimelea vya malaria, ambavyo hujificha ndani ya seli za ini na seli nyekundu za damu, Trypanosoma brucei huishi nje ya seli za mwenyeji wake: katika damu, limfu na majimaji ya tishu. Huko kingamwili huweza kukifikia kimelea wakati wote. Hata hivyo hudumu mwilini kwa miezi au miaka, na mgonjwa asiyetibiwa karibu kila mara hufa. Uchunguzi wa kemia ya kimelea hiki na wa mapambano yake na kinga ya mwili umeeleza mambo matatu makubwa: kwa nini hadi leo hakuna chanjo ya malale, kwa nini dawa za zamani ziliwaua baadhi ya waliotibiwa, na kwa nini binadamu haambukizwi na aina nyingi za tripanosoma zinazoua ng'ombe.

== Uainishaji ==

Kuna nususpishi tatu ambazo haziwezi kutofautishwa kwa hadubini:

* Trypanosoma brucei brucei huambukiza wanyama pori na mifugo. Haiwezi kuishi katika damu ya binadamu.
* Trypanosoma brucei gambiense hupatikana Afrika ya Magharibi na ya Kati. Husababisha malale ya polepole, ambayo huweza kuchukua miaka kadhaa kabla ya kuua. Sehemu kubwa ya wagonjwa wote wa malale, zaidi ya asilimia 90, wameambukizwa na nususpishi hii. Mwenyeji wake mkuu ni binadamu.
* Trypanosoma brucei rhodesiense hupatikana Afrika ya Mashariki na ya Kusini, zikiwemo Tanzania, Uganda, Malawi na Zambia. Husababisha malale ya kasi, ambayo huweza kuua katika muda wa wiki au miezi michache. Hifadhi yake ni wanyama pori, kama vile pongo, pamoja na ng'ombe. Kwa hiyo huwapata zaidi wawindaji, warina asali, wafugaji, askari wa wanyamapori na watalii.

Uganda ndiyo nchi pekee ambamo aina zote mbili za malale zimepatikana.

Ndugu wa karibu ni Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax, ambazo husababisha sehemu kubwa ya nagana ya ng'ombe. Ndugu mwingine, Trypanosoma cruzi, husababisha ugonjwa wa Chagas katika Amerika ya Kilatini, lakini yeye huingia ndani ya seli na huenezwa na kunguni wa jamii nyingine.

== Historia ya ugunduzi ==

Mwaka 1894 daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce alitumwa Zululand, Afrika Kusini, kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe. Akifanya kazi pamoja na mke wake Mary huko Ubombo, aliona vimelea vyenye mkia vikiogelea katika damu ya ng'ombe wagonjwa, akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayevihamisha. Spishi hiyo ilipewa jina lake mwaka 1899.

Mwaka 1901 daktari Robert Forde aliona vimelea vinavyofanana na hivyo katika damu ya nahodha wa meli huko Gambia, na mwaka uliofuata Joseph Dutton alivitambua kuwa tripanosoma na kuvipa jina la gambiense.

Wakati huohuo mlipuko mkubwa wa malale ulikuwa ukiangamiza watu wa Busoga, Buganda na visiwa vya kaskazini mwa Ziwa Viktoria. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miongo miwili ya mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1902 Aldo Castellani, akiwa Entebbe, aliona tripanosoma katika ugiligili wa uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 Bruce alithibitisha kwamba mbung'o hueneza malale pia. Miaka ya 1906 na 1907 Robert Koch alijaribu dawa ya aseniki iitwayo atoksili katika visiwa vya Sese. Vimelea vilitoweka kwa muda katika damu za wagonjwa, lakini baadhi yao walipofuka kwa sababu ya dawa.

Trypanosoma brucei rhodesiense ilielezwa mwaka 1910 na John Stephens na Harold Fantham kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, ambalo leo liko Zambia.

== Umbo na mzunguko wa maisha ==

Kimelea kina umbo la samaki mwembamba mwenye urefu wa takriban mikromita 20 hadi 30. Kina mjeledi mmoja ulioshikamana na mwili kwa utando unaopigapiga kama wimbi. Mahali mjeledi unapotokea pana kishimo kiitwacho mfuko wa mjeledi. Kishimo hicho ni mlango wa pekee wa seli: vyote vinavyoingizwa kwa kumezwa na vyote vinavyotolewa na seli hupitia hapo.

Mbung'o anapouma hutema mate yenye vimelea katika ngozi. Aghalabu mahali hapo huota uvimbe wenye maumivu, hasa kwa rhodesiense. Kisha vimelea huingia katika limfu na damu, ambako huongezeka kwa kila kimoja kugawanyika kuwa viwili. Vilivyo vyembamba huendelea kugawanyika, lakini vinapokuwa vingi hupeana ishara za kikemikali, na baadhi hugeuka kuwa vifupi na vinene. Hivi vifupi havigawanyiki tena. Kazi yake ni kungoja kufyonzwa na mbung'o mwingine. Kwa njia hii kimelea huepuka kumwua mwenyeji upesi mno, kabla ya kupata usafiri.

Ndani ya tumbo la mbung'o vimelea hubadili umbo, koti na chakula. Baada ya takriban wiki tatu vizao vyake hufika katika tezi za mate, tayari kuambukiza. Ni sehemu ndogo tu ya mbung'o wanaofyonza damu yenye vimelea ambao hufikia hatua hiyo.

Mwaka 2016 tafiti za panya zilionyesha kwamba vimelea vingi hukaa pia katika tishu za mafuta na katika ngozi. Jambo hili lina uzito kwa udhibiti, kwa sababu mtu anaweza kukosa vimelea katika kipimo cha damu na bado akamwambukiza mbung'o kupitia ngozi.

== Biokemia ==

=== Kupata nishati ===

Katika damu ya mamalia kimelea huishi kwa glukosi peke yake. Glukosi iko tele na haikatiki, kwa hiyo kimelea huitumia bila ubahili: huivunja hadi kuwa piruvati na kuitupa nje piruvati hiyo ingawa ingeweza kutoa nishati zaidi. Seli za binadamu huendelea kuchoma piruvati katika mitokondria na kupata ATP nyingi, lakini kimelea kilichomo katika damu hupata molekuli 2 tu za ATP kutoka kila molekuli ya glukosi.

Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst waligundua kwamba vimeng'enya saba vya mwanzo vya glikolisi, yaani njia ya kuvunja glukosi, haviko katika utegili wa seli kama ilivyo kwa viumbe wengine. Vimefungiwa ndani ya vifuko vidogo vilivyopewa jina la glikosomu. Hesabu ya nishati ndani ya glikosomu ni kama ifuatavyo:

* Hatua za mwanzo hutumia ATP 2 kuiandaa glukosi.
* Hatua za baadaye ndani ya kifuko hurudisha ATP 2. Jumla ni sifuri.
* Zao la hapo hutoka nje ya kifuko, na kimeng'enya piruvati kinasi hutengeneza ATP 2 katika utegili. Hiyo ndiyo faida ya seli.

Sababu ya mpango huu ilieleweka baadaye. Katika seli za wanyama kimeng'enya cha kwanza cha glikolisi hupunguza kazi wakati zao lake linapojaa, kama bomba linalojifunga pipa likijaa. Kimeng'enya cha tripanosoma hakina breki hiyo. Kama kingekuwa huru katika utegili, ATP inayotengenezwa mwishoni ingechochea hatua za mwanzo zaidi na zaidi, na sukari zenye fosfati zingelimbikizana hadi kuiua seli. Ukuta wa glikosomu unatenga ATP ya ndani na ile ya nje, na hivyo kuzuia hatari hiyo. Majaribio ya kuvuruga ujenzi wa glikosomu yameonyesha kwamba glukosi hugeuka kuwa sumu kwa kimelea.

Mitokondria ya kimelea katika damu ni moja tu, nayo haitengenezi ATP. Hupokea elektroni kutoka glikosomu na kuzipeleka kwa oksijeni kupitia kimeng'enya ambacho binadamu hana, kiitwacho oksidasi mbadala ya tripanosoma. Kwa sababu hiyo kimeng'enya hicho ni shabaha nzuri ya dawa.

Katika mbung'o hali ni tofauti. Baada ya damu kumeng'enywa hakuna glukosi ya kutosha. Chakula kikuu sasa ni prolini, asidi ya amino ambayo mbung'o mwenyewe huitumia kurukia. Mitokondria hupanuka na kuanza kutengeneza ATP kwa njia ya kawaida.

=== Tripanothioni na kujilinda dhidi ya oksijeni ===

Seli nyingi hujilinda dhidi ya sumu zitokanazo na oksijeni kwa kutumia molekuli ndogo yenye salfa iitwayo glutathioni. Mwaka 1985 Alan Fairlamb na Anthony Cerami waliripoti muundo wa molekuli ya pekee inayofanya kazi hiyo katika tripanosoma: glutathioni mbili zilizounganishwa na spemidini. Waliiita tripanothioni. Kimeng'enya kinachoihuisha, tripanothioni reduktasi, ni cha lazima kwa uhai wa kimelea, na binadamu hana.

Ugunduzi huu ulieleza utendaji wa dawa mbili ambazo tayari zilikuwa zikitumika au kujaribiwa. Melasoproli, yenye aseniki, hushikamana na tripanothioni. Eflonithini huzuia kimeng'enya onithini dekaboksilasi, ambacho huanzisha utengenezaji wa spemidini, na hivyo tripanothioni hupungua. Binadamu pia wana kimeng'enya hicho, lakini mwili wao huvunja cha zamani na kutengeneza kipya upesi, wakati gambiense hukaa na kilekile kilichokwisha kuzuiwa. Rhodesiense hubadilisha kimeng'enya chake kwa kasi zaidi, na ndiyo maana eflonithini haifai kwa malale ya Afrika ya Mashariki.

=== Vinavyochukuliwa kwa mwenyeji ===

Kimelea hakiwezi kutengeneza purini, ambazo ni matofali ya DNA, RNA na ATP. Hulazimika kuzifyonza kutoka damu kwa vibebaji maalumu vilivyo katika utando wake. Baadhi ya milango hiyo hupitisha pia dawa: kimelea kinachopoteza kibebaji fulani huweza kuwa sugu kwa melasoproli na pentamidini kwa pamoja. Chuma hukipata kwa kunasa transferini, protini ya damu inayobeba chuma, kwa kipokezi kilicho ndani ya mfuko wa mjeledi.

=== Mambo ya pekee ya jeni ===

DNA ya mitokondria imekusanyika katika kifundo kiitwacho kinetoplasti, kilicho na duara kubwa makumi kadhaa na duara ndogo maelfu, zilizoshikana kama pete za mnyororo. Mwaka 1986 Rob Benne na wenzake waligundua kwamba ujumbe wa RNA unaotoka huko huhaririwa: herufi za uridini huongezwa au huondolewa kabla ujumbe haujasomwa. Baadhi ya ujumbe hauna maana yoyote kabla ya kuhaririwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo hilo kuonekana katika kiumbe chochote.

Protini za koti la kimelea nazo zilifungua mlango mwingine. Mwaka 1988 Michael Ferguson na wenzake walieleza muundo kamili wa nanga ya mafuta na sukari inayozishikiza kwenye utando. Nanga kama hiyo, iitwayo GPI, imegunduliwa baadaye kwa viumbe wengi, akiwemo binadamu.

== Kimelea na kinga ya mwili ==

=== Koti la VSG ===

Uso mzima wa kimelea kilicho katika damu umefunikwa na koti lililosongamana la molekuli takriban milioni 10 za aina moja ya protini, iitwayo protini geugeu ya uso na kufupishwa VSG. Keith Vickerman alilieleza koti hilo kwa hadubini ya elektroni mwaka 1969, na George Cross alizitenga protini zake mwaka 1975. Koti hufunika protini nyingine za utando ambazo hazibadiliki, hivyo mfumo wa kinga huona VSG karibu peke yake.

Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya VSG hiyo, na vimelea vingi hufa. Lakini vichache vimekwisha kuvaa VSG ya aina nyingine ambayo kingamwili hizo hazitambui. Vichache hivyo huongezeka hadi mwili utengeneze kingamwili mpya, na wakati huo vingine vimekwisha kubadili koti tena. Ronald Ross na David Thomson waliona mawimbi haya mwaka 1910, walipohesabu vimelea kila siku katika damu ya mgonjwa mmoja: idadi ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Homa ya malale huja na kuondoka kwa namna hiyohiyo.

Jenomu ina jeni za VSG zaidi ya 2,000, zikiwemo nyingi zisizo kamili. Kwa wakati mmoja hutumika moja tu, iliyopo katika mojawapo ya vituo takriban 15 vya usomaji karibu na ncha za kromosomu. Koti hubadilishwa kwa kunakili jeni nyingine na kuiweka katika kituo kinachofanya kazi, au kwa kufunga kituo hicho na kufungua kingine. Vipande vya jeni zisizo kamili huweza kuunganishwa kuwa jeni mpya kabisa. Kwa hiyo idadi ya makoti yanayowezekana ni kubwa kuliko idadi ya jeni zenyewe.

Hii ndiyo sababu ya kukosekana kwa chanjo. Chanjo hufundisha mwili kutambua adui kwa sura yake, lakini adui huyu hana sura moja.

=== Kufagia kingamwili ===

Kimelea kina ulinzi wa pili. Kingamwili chache zinaponata juu ya VSG, mwendo wa kuogelea mbele huzisukuma nyuma, kama upepo unavyosukuma tanga, hadi zifike katika mfuko wa mjeledi. Hapo humezwa pamoja na VSG. Kingamwili huvunjwavunjwa katika lisosomu, na VSG hurudishwa juu ya uso. Kazi hii, iliyoelezwa na Markus Engstler na wenzake mwaka 2007, hufanyika katika muda wa dakika chache. Hufaa wakati kingamwili ni kidogo. Zikiwa nyingi mno kimelea huzidiwa.

=== Kuvurugika kwa kinga ===

Mapambano yasiyokwisha huuchosha mwili. Kingamwili za aina ya IgM hupanda sana katika damu, na katika hatua ya mwisho huonekana pia katika ugiligili wa uti wa mgongo. Wengu na tezi za limfu huvimba. Uvimbe wa tezi za nyuma ya shingo, ulioelezwa na daktari Thomas Winterbottom nchini Sierra Leone mwaka 1803, bado ni dalili muhimu ya malale ya gambiense. Katika panya imeonekana kwamba seli B zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa ya zamani hupungua, kiasi kwamba kinga iliyotokana na chanjo za awali hudhoofika.

Makrofaji zilizochochewa hutoa kemikali za kuua vimelea, lakini kemikali hizo huumiza mwili pia. Anthony Cerami alipochunguza sungura walioambukizwa Trypanosoma brucei alishangaa kuona wanakonda mno ingawa vimelea vilikuwa vichache. Alitafuta kemikali ya mwili inayosababisha hali hiyo, na mwaka 1985 ikajulikana kwamba ni ileile iliyokuwa ikiitwa TNF. Leo dawa za kuzuia TNF hutumiwa na wagonjwa wengi wa baridi yabisi duniani, ambao wachache hujua kwamba sehemu ya asili yake ni utafiti wa kimelea cha mbung'o.

Hatimaye vimelea huvuka kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Hapo huanza hatua ya pili ya malale: kuumwa kichwa sana, kuchanganyikiwa, kubadilika tabia, na usingizi kuvurugika. Mgonjwa hasinzii tu kupita kiasi. Mpangilio wake wa usiku na mchana huvunjika, akasinzia mchana na kukesha usiku.

== Kinga ya asili katika damu ya binadamu ==

Mwaka 1902 Alphonse Laveran aliona kwamba maji ya damu ya binadamu huua tripanosoma za wanyama. Kiini cha uwezo huo kilitambuliwa mwaka 2003 na kundi la Etienne Pays nchini Ubelgiji: ni protini iitwayo APOL1, ambayo husafiri katika damu pamoja na chembe za mafuta mazito.

Chembe hizo hubeba pia protini inayofanana na haptoglobini, iliyoshika himoglobini. Kimelea kinahitaji hemu, kwa hiyo huimeza himoglobini kwa kipokezi chake, na pamoja nayo humeza APOL1 bila kujua. Ndani ya seli APOL1 hutoboa njia za ioni katika tando. Maji hujaa, seli huvimba na kupasuka. Sokwe mtu hana kinga hii, lakini nyani anayo, tena aina yake huua hata rhodesiense.

Nususpishi mbili zinazosababisha malale zimepata njia za kuishinda APOL1, kila moja kwa namna yake:

* Rhodesiense ina protini iitwayo SRA, iliyotokana na VSG iliyopungua urefu. SRA hushika APOL1 na kuizuia.
* Gambiense imebadili kipokezi chake ili imeze APOL1 kidogo, na ina protini nyingine, TgsGP, inayoimarisha tando zake.

Kwamba uwezo wa kumwambukiza binadamu ni wa kurithiwa kulidokezwa zamani na jaribio lililofanywa Tinde, katika eneo la Shinyanga nchini Tanzania. Kuanzia mwaka 1934 rhodesiense ilihamishwa na mbung'o kutoka mnyama mmoja hadi mwingine kwa miaka 18. Mwishoni mwa muda huo bado iliweza kuwaambukiza watu waliojitolea.

Mwaka 2005 iliripotiwa habari ya mkulima wa India aliyeugua Trypanosoma evansi, kimelea cha ngamia na farasi ambacho kwa kawaida hakimdhuru binadamu. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuwa na APOL1 inayofanya kazi.

Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika wana aina za jeni ya APOL1 ziitwazo G1 na G2. Aina ya G2 hukinga dhidi ya rhodesiense. Lakini mtu aliyerithi aina hizo kutoka kwa wazazi wote wawili ana hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa sugu wa figo. Hali hii inafanana na ile ya seli mundu na malaria: nakala moja ya jeni ni ngao, nakala mbili huweza kuwa mzigo. Ndiyo sababu mojawapo ya Wamarekani wenye asili ya Afrika kuugua figo zaidi kuliko wenzao, ingawa mababu zao waliondoka penye mbung'o karne nyingi zilizopita.

== Upimaji na matibabu ==

Kwa gambiense hutumika kipimo cha kadi ambacho hutafuta kingamwili dhidi ya VSG zinazojitokeza mapema kwa wagonjwa walio wengi. Kwa rhodesiense hakuna kipimo cha aina hiyo, na vimelea hutafutwa kwa hadubini katika damu. Ugiligili wa uti wa mgongo huchunguzwa ili kujua kama ubongo umefikiwa.

Dawa kuu ni hizi:

* Suramini na pentamidini hutibu hatua ya kwanza tu, kwa kuwa hazifiki vya kutosha katika ubongo.
* Melasoproli ilianza kutumika mwaka 1949. Huingia katika ubongo, lakini iliua takriban wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliotibiwa, na sindano yake huunguza mshipa.
* Eflonithini iliidhinishwa mwaka 1990. Utengenezaji wake kwa ajili ya malale ulisimama kwa kukosa faida, ukaanza tena mwaka 2001 kwa makubaliano na Shirika la Afya Duniani (WHO), baada ya dawa hiyohiyo kupata soko kama krimu ya kuondoa nywele za uso. Tangu mwaka 2009 hutumika pamoja na nifutimoksi.
* Feksinidazoli ni vidonge vinavyomezwa kwa siku 10 pamoja na chakula. Hugeuzwa kuwa sumu na kimeng'enya cha kimelea chenyewe. Ilijaribiwa hasa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kukubaliwa kwa gambiense mwaka 2018. Baadaye, kufuatia utafiti uliofanyika Malawi na Uganda, ilikubaliwa pia kwa rhodesiense.
* Akoziboroli, inayotolewa mara moja tu, imejaribiwa kwa wagonjwa wa gambiense. Huzuia kimeng'enya kinachoandaa ujumbe wa RNA.

== Udhibiti na hali ya sasa ==

Kwa kuwa hakuna chanjo, udhibiti hutegemea kutafuta wagonjwa na kuwatibu mapema, na kupunguza mbung'o kwa mitego, vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa, na kuogesha ng'ombe. Kisiwani Unguja mbung'o wa spishi Glossina austeni, aliyekuwa akieneza nagana, alitokomezwa kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, ambayo yalifugwa Tanga. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996.

Mwaka 1998 waliripotiwa karibu wagonjwa 40,000 wa malale, na wengi zaidi hawakufikiwa. Tangu mwaka 2018 wanaoripotiwa ni chini ya 1,000 kila mwaka. WHO imethibitisha kwamba nchi kadhaa zimeumaliza ugonjwa kama tatizo la afya ya jamii, zikiwemo Togo mwaka 2020, Rwanda mwaka 2022 na Kenya mwaka 2025.

Kumaliza tatizo si kumaliza kimelea. Rhodesiense inaendelea kuishi katika wanyama wa mbugani bila kuwaua, na katika karne ya 20 malale ya gambiense ilikaribia kutoweka kufikia miaka ya 1960, kisha ikarudi kwa nguvu pale vita na uzembe vilipositisha upimaji. Wagonjwa wanapokuwa wachache, wauguzi wanaoikumbuka sura ya ugonjwa nao hupungua. Homa isiyopona kwa dawa ya malaria, kwa mtu aliyetoka penye mbung'o, bado inahitaji damu yake itazamwe kwa hadubini.